Sura ya Sita: Maranda, Vumbi la Makala na Mshahara wa Jumamosi

Keshero, mtaa wa Goma mashariki mwa Kongo, imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Anayechimba shimo la choo hapa haanzi na jembe, anaanza na mtaimbo na nyundo. Maji hupandishwa kutoka Ziwa Kivu, na siku bomba linapokauka hubebwa mgongoni kwa bido, madumu ya njano. Mbao huja kwa malori kutoka Walikale, makala kutoka Masisi na Rutshuru, misumari na mabati kupitia mpakani. Mahali ambapo kila kitu kimelipiwa safari kabla ya kufika, watu hawatupi ovyo. Tairi lililokwisha huwa kandambili, ndoo au kamba. Pipa la mafuta hukatwa likawa mbabula, jiko la makala. Lava iliyoukata mji vipande viwili tarehe 17 Januari 2002 ilipopoa, watu wa Goma waliivunja kwa nyundo wakajengea nyumba zao upya.

Chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ndiyo shahidi mkubwa kuliko wote. Mwili wake ni mkaratusi, magurudumu ni mti mgumu zaidi, na kuzunguka gurudumu hupigiliwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu la gari. Breki nayo ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Haitaki mafuta. Hubeba mamia ya kilo za viazi, mbao au makala, na ikivunjika njiani hutengenezwa papo hapo kwa panga na misumari. Jiji limeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na ilistahili. Mhandisi wa Ulaya anayetafuta namna ya kusanifu chombo kinachorekebishika angejifunza mengi akikaa wiki moja na mafundi wa chukudu.

Kwa hiyo yeyote anayekuja Keshero kufundisha uchumi wa mzunguko, yaani namna ya kuzalisha ambamo kitu hudumu, hurekebishwa, na mabaki yake huwa malighafi ya mwingine, atawakuta wenyeji wameshafika mbele yake. Sina shaka na hilo. Swali ninalolibeba katika sura hii ni jingine. Mwulize mwendesha chukudu chombo ni cha nani, na jioni anamkabidhi nani kiasi gani. Mwulize mtoto anayeokota vyuma chakavu bei ya kilo moja imepangwa na nani. Mwulize mama anayechekecha vumbi la makala kifua chake kina hali gani. Mzunguko wa vitu upo. Mara nyingi sana unazungushwa na mtu asiyelipwa, au anayelipwa kidogo kiasi kwamba uchakavu wa mwili wake ndio unaoziba pengo la bei.

Wengi hudhani haki ya mfanyakazi ni hatua ya pili, itakayofuata biashara ikishakua. Mombasa ilijifunza kwa uchungu kwamba haiwi hivyo. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa pembeni ya mtaa wa Owino Uhuru, wenye watu wapatao 3,000. Kwenye karatasi kilikuwa mfano mzuri wa urejelezaji: betri iliyokufa inaingia, risasi safi inatoka, dola zinaingia nchini. Ndani, vibarua walishika betri bila kinga ya kutosha, moshi ukatua juu ya mapaa, maji machafu yakapita kwenye mitaro ambamo watoto walicheza. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe mchanga aliugua, vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake, na mama huyo akaacha kazi akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Watu wamezikwa katikati ya tarehe hizo.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu Goma inaishi kwa betri. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hauaminiki, paneli za jua zimejaa mapaani, pikipiki hazihesabiki, na kila betri itakufa siku moja na kuuzwa kwa mtu. Mtu huyo akiivunja uani kwa shoka, akamwaga asidi juu ya mawe na kuyeyusha risasi kwenye sufuria, hata tukimsifu kwa ubunifu hatujamsaidia. Mawe haya ya volkano yana nyufa na matundu, kinachomwagika juu hushuka, na ziwa liko karibu. Ushauri wangu kwa karakana yoyote ya Keshero inayofikiria biashara ya betri ni mfupi: zinunueni zikiwa nzima, zihifadhini zikiwa zimesimama, ziuzeni zikiwa nzima, na msizifungue.

Masufuria nayo yanahitaji tahadhari. Mafundi wetu kote Afrika Mashariki huyeyusha aluminiamu ya chakavu, vipande vya injini na vifuniko na lolote linaloyeyuka, wakamimina sufuria. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na karibu theluthi moja viliachia risasi katika hali inayofanana na kupika. Hilo halimaanishi kazi ya kumimina ife. Maana yake ni kwamba fundi atenge chakavu: kilichokuwa chombo cha chakula kirudi kuwa chombo cha chakula, na chakavu cha injini kiende kwenye bawaba, vitasa na vipuri. Kutenga huku hakuhitaji mashine. Kunahitaji masanduku mawili na mtu mwenye muda wa kutenga, na muda huo ulipwe.

Twende sasa ndani ya karakana ya useremala, maana hiyo ndiyo biashara ninayoiona inafaa kuanza nayo Keshero. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, kwa hiyo seremala hakosi kazi ya milango, madirisha, vitanda na kuta nzima. Mshauri anayeingia humo na picha za karakana za Uholanzi atasikilizwa kwa adabu kisha atasahauliwa. Mimi naona aanze na vitu viwili: fagio na daftari. Fagio likusanye kwa wiki nzima kila kinachoanguka chini, vipande upande mmoja, maranda upande wa pili, unga wa msumeno upande wa tatu. Daftari liandike mbao zilizoingia, bidhaa zilizotoka, nani alifanya kazi siku gani na saa ngapi, na nani alipokea nini.

Tuseme, kwa mfano tu, karakana inanunua mbao za dola 400 kwa mwezi na sehemu ya kumi yake inaishia sakafuni. Hizo ni dola 40 zinazofagiliwa. Tuseme nusu ya hasara hiyo, yaani dola 20, hutokana na kukata kabla ya kupima kazi zote za wiki kwa pamoja: seremala anakata mlango Jumatatu, Jumatano anagundua kwamba ubao aliopoteza ungemtolea miguu ya kiti. Kuandika maagizo ya wiki ukutani kwa chaki na kupanga mikato kabla ya kushika msumeno ni badiliko lisilogharimu hata franka moja. Vipande vinavyobaki huwa vigoda, miiko, mbao za kukatia mboga, fremu za picha. Maranda hununuliwa na wafuga kuku kwa kutandika bandani, na baada ya wiki chache yakishachanganyika na mavi ya kuku hurudi kama mbolea, kitu cha thamani kubwa mahali ambapo udongo ni haba namna hii. Unga wa msumeno hukutana na vumbi la makala, na hapo hadithi inapanuka.

Makala ya Goma yana historia nzito. Sehemu kubwa yametoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na biashara yake imelisha makundi yenye silaha. Mwaka 2007, sokwe wa milimani walipouawa kwa risasi ndani ya hifadhi, uchunguzi ulielekeza kidole kwenye biashara hiyo hiyo. Mwaka huo WWF ilianzisha mradi wa EcoMakala, ambao umewasaidia wakulima wadogo kupanda mikaratusi na akasia katika mashamba yao ili mji uchome miti iliyopandwa badala ya msitu. Hifadhi yenyewe ilijaribu matofali ya kupikia yaliyoshindiliwa kwa mabaki ya mimea, kisha ikaelekeza nguvu kwenye umeme wa maji. Mtambo wa Matebe, Rutshuru, ulizinduliwa mwaka 2015. Bado jioni ikifika Keshero harufu inayotawala ni ya makala, kwa sababu mbabula ni rahisi kununua na makala yanauzwa hata kwa mafungu madogo, kwa pesa ya leo.

Chini ya kila gunia hubaki vumbi. Muuza makala hulihesabu kuwa hasara. Ukilichekecha, ukalichanganya na unga wa msumeno na uji wa muhogo au karatasi zilizolowekwa, ukashindilia kwenye kikopo na kuanika juani, unapata matofali yanayochemsha maharage polepole kwa muda mrefu. Teknolojia hii imefundishwa katika semina zisizo na idadi, na vikundi vingi vilivyofundishwa vimekufa. Kwa maoni yangu havikufa kwa kukosa mashine. Vilikufa kwa sababu hakuna aliyehesabu saa. Wanawake sita wanachekecha, wanakanda na kuanika kuanzia asubuhi, wanauza Ijumaa, wanagawana, na kila mmoja anajikuta na kiasi kidogo kuliko ambacho angepata kwa kuuza nyanya. Mwezi wa tatu wawili wameondoka, wa nne mashine imefunikwa turubai. Ukiweka malipo ya saa ndani ya bei tangu siku ya kwanza, unajua mapema kama biashara inasimama au haisimami. Kama haisimami, usiifungue, au tafuta namna ya kupunguza kazi ya mikono: chujio kubwa, chombo cha kushindilia matofali kumi kwa mkupuo, kivuli cha kuanikia wakati wa mvua. Na vitambaa vya kufunika pua na mdomo viwe ndani ya gharama, si zawadi ya mfadhili inayokwisha.

Narudi kwa seremala, maana hatujafika kwa wanafunzi wake. Katika karakana nyingi mzazi humleta kijana, hulipa kitu kwa patron, yaani mwenye karakana, na kijana hukaa miaka bila kujua ni lini amehitimu. Anafagia, anabeba, anapiga randa, anatumwa kununua mafuta. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inautambua mkataba wa uanagenzi, na inaweka mpaka wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Ni wachache katika karakana za mtaani waliowahi kuiona. Sidhani kama patron wa Keshero ni mtu mbaya. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo hivyo, na anaona anamsaidia mtoto wa jirani. Lakini ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye jina la kijana, muda wa mafunzo, ujuzi atakaoupata kila miezi sita, posho yake ya wiki na saini ya mzazi, hubadilisha uhusiano wote. Kijana anajua anaelekea wapi. Patron naye anapata kijana asiyetoroka na patasi. Na pale INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, inapoweza kumpima kijana na kumpa cheti, kazi ya miaka mitatu inakuwa na thamani nje ya uzio wa karakana ile.

Hapo ndipo mabaki na mshahara vinapokutana. Zile dola 20 zilizookolewa sakafuni ni pesa mpya. Hazikuwa mfukoni mwa mtu yeyote jana. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kukubaliana juu yake kuliko juu ya pesa za zamani. Patron na mafundi wakae kabla ya kuuza kigoda cha kwanza, waandike: sehemu fulani kwa aliyekusanya na kutengeneza, sehemu kwa glavu na miwani ya kinga, sehemu kwa karakana. Iandikwe kabla. Baada ya kuuza kila mtu huwa na hesabu yake. Kisha ilipwe Jumamosi, mbele ya wote, daftari likiwa wazi. Nimekuja kuamini kwamba malipo ya siku maalumu, hata yakiwa madogo, yana uzito kuliko malipo makubwa yasiyojulikana yatakuja lini, maana mama wa nyumbani anaweza kuyapangia unga na ada.

Kiasi gani ni haki? Mwaka 2018 serikali iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida kuwa franka 7,075 kwa siku. Wakati huo zilikuwa dola nne na kitu. Kufikia 2024 dola moja ilikuwa imepita franka 2,700, na zile 7,075 zikawa hazifiki dola tatu, katika mji ambao kodi ya nyumba na ada ya shule hutajwa kwa dola. Mwenye karakana anayetaka kutenda haki asijifiche nyuma ya tarakimu ya franka. Apime mshahara kwa kapu: unga, maharage, makala, maji, kodi ya chumba. Afanye hesabu hiyo pamoja na wafanyakazi wake kila miezi mitatu. Kama hawezi kufikia kapu lote leo, awaambie amefikia wapi na lini ataongeza. Wafanyakazi wa Goma wamevumilia mengi; hawatashindwa kuelewa ukweli unaosemwa wazi.

Kuhusu karatasi za serikali nitapita haraka. Kongo iliingia OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika, tarehe 12 Septemba 2012, na sheria za umoja huo zina nafasi maalumu kwa mfanyabiashara mdogo anayejitangaza tu bila kupitia usajili mzima wa kampuni. Ni mlango mwembamba lakini upo, na anayeupitia anaweza kuonyesha karatasi anapotaka zabuni ya madawati ya shule.

Mtaji ndio mgumu zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukanyamaza. Biashara zilizokuwa na akiba benki zilijikuta hazina kitu mkononi. Zilizosimama haraka zaidi, kwa jinsi ninavyoelewa nguvu ya taasisi hizi, ni zile zenye likelemba au muso: watu wanaojuana, wanaokutana kila wiki, wanaoweka, wanaokopeshana na wenye mfuko wa dharura kando. Sioni sababu ya karakana nne za useremala, wauza makala watatu na wafuga kuku wa mtaa mmoja kutokuwa na muso moja. Tayari wanauziana mabaki. Wakiwa na mfuko mmoja wanaweza kununua msumeno wa pamoja, kukodi chumba cha kuhifadhi maranda wakati wa mvua, na kumlipa kijana aliyekatwa kidole wiki ile ile anapohitaji matibabu, bila kungoja huruma ya patron.

Plastiki nimeiacha mwisho kwa sababu ndipo mji wote unapohusika. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki nchini. Vuka mpaka uingie Gisenyi, Rwanda, ambako marufuku kama hiyo ipo tangu 2008 na inasimamiwa, utaona barabara zilivyo. Upande wetu mifuko inaendelea kuuzwa, mvua inaisomba hadi ziwani, na takataka za ziwa husukumwa kusini mpaka mdomo wa mto Ruzizi, Bukavu, zinakoziba mitambo ya umeme inayolisha Goma pia. Mfuko uliotupwa Keshero unaweza kuzima taa ya Keshero. Huko Bukavu kampuni ya Plastycor, iliyoanzishwa na Nicole Menemene, imekuwa ikikusanya plastiki hizo na kuzigeuza vitu vya matumizi ya nyumbani, na Goma ingefaidika kwa kuwa na kampuni nyingi za namna hiyo. Nazitakia heri. Nazitakia pia mizani iliyokaguliwa na bei iliyobandikwa ukutani, ili anayefika na gunia lake la chupa, awe mama aliyekimbia vita au kijana wa mtaani, aione bei kabla hajalitua. Na mtoto asipewe gunia. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ipo, na kuyeyusha plastiki si kazi ya mtoto hata kama ana njaa. Njaa yake ni deni la watu wazima.

Kwa hiyo neno langu la mwisho naliweka mbele ya wanaotoa fedha, wanaotoa tuzo na wanaoendesha mafunzo Keshero na Goma yote. Mnapofika kwenye karakana, mtaonyeshwa vigoda vizuri na matofali yaliyopangwa juani. Vitazameni, kisha ombeni daftari la malipo la miezi mitatu iliyopita. Kama halipo, pesa yenu ya kwanza ilipie daftari na mtu wa kuwafundisha kulijaza. Kama lipo na mwanagenzi hayumo, msitoe tuzo mwaka huu, rudini mwakani. Na kama lipo, majina yote yamo, na siku ya malipo ni Jumamosi, basi leteni msumeno.